Mkono Wenye Moyo Kwenye Wembe wa Baba

Baba alipofariki, ndugu walikubaliana karibu kila jambo: ng'ombe wa kuchinja, mahali pa kaburi, siku ya kuondoa matanga. Walichoshindwa kukubaliana ni wembe.

Kwetu, siku ya kuondoa matanga mjane hunyolewa kichwa chote, na anayemnyoa ni dada wa marehemu. Mama alitaka anyolewe kwa wembe wa baba. Ulikuwa ule wa kukunja, wenye mpini wa pembe uliogeuka rangi ya chai. Baba alipewa na fundi Mzungu wa kinu cha pamba cha Bariadi, fundi huyo alipokuwa anarudi kwao. Kwa wembe huo baba alinyoa ndevu zake, akatunyoa watoto wote, na kila mama alipomaliza siku za uzazi alimnyoa na yeye.

Shangazi aliukunjua, akauelekeza juani, akaurudisha haraka kwenye kitambaa. Kwenye bapa la wembe palikuwa na mchoro wa kiganja kilichofunguka, na katikati yake moyo.

"Moyo wa mtu huu," alisema. "Mnauona ulivyoshikwa? Hiki ni chama cha kula watu. Simnyoi wifi yangu na kitu hiki."

"Kaka yako alimlaga nani?" mama akamuuliza. "Hata kuku alikuwa anaogopa kuchinja."

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeugusa. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, maduka ya mjini yamejaa nyembe za pakiti za kila aina, na binamu yangu alikwisha kununua. Shauri likaonekana limekwisha. Mama aligeuza uso akatazama ukuta, na hapo mimi nikashindwa kukaa kimya.

Sikuwa mtu wa kutulia mahali. Nilikuwa nimepita Mwanza na Kahama, na huko Arusha niliuza kwenye duka la vitu vya zamani vya walowezi. Mwenye duka alinifundisha kuzisoma nyembe. Chapa ya kiwanda, alisema, hugongwa kwenye shina, pale chuma kinapoingia kwenye mpini. Alama ya chama huchorwa kwa tindikali kwenye bapa, na kwa kunolewa hufutika mapema. Bikari na skwea ni alama ya chama cha waashi. Kiganja chenye moyo ni chama kingine, lakini usiape mpaka uone na mnyororo wa pete tatu.

Mnyororo sikuuona. Nikauleta wembe karibu na mdomo, nikauhemea kama mtu anayesafisha miwani. Ukungu ulipotanda kwenye chuma, chini ya kiganja zikajitokeza pete tatu zilizoshikana, hafifu, kisha zikapotea.

"Fanya tena," shangazi alisema. Nilipofanya, akaninyang'anya wembe akauhemea mwenyewe, macho karibu yaguse chuma. "Haya, ng'wanawane, mwanangu, ndiyo nini hizi?"

Nikamweleza. Huko kwao yule fundi, watu wa kazi za mikono walikuwa wanachangishana. Mwenzao akifa wanamzika, na mjane wake na watoto wanawatunza. Pete ni wao walivyoshikana. Moyo ule ni wa mtu anayetoa kwa kupenda.

"Si wangechora jeneza tu," alisema, "tukawaelewa."

Hakuridhika kabisa. Aliagiza wembe uchemshwe. Ulipoletwa akaagiza uchemshwe tena, uive kama maharage, maana mambo ya UKIMWI alikuwa ameyasikia zahanati. Kisha akautia makali kwenye mkanda wa ngozi, akamwita mama akae mbele yake.

"Anzia nyuma," mama alisema. "Yeye alianziaga nyuma."

Shangazi akaanzia nyuma. Ndugu wakaondoka mmoja mmoja kwenda kwenye chakula, nikabaki mimi na beseni la maji. Nywele zilipofika nusu, mama akafumba macho, akaanza kuongea Kisukuma kwa sauti ya chini: mvua imechelewa, ndama yule hanyonyi vizuri, pamba ya upande wa mtoni ipaliliwe kwanza. Yalikuwa mambo ya kumwambia mume.

Shangazi hakumkatiza. Alikuwa anaitikia tu, "Ee. Ee," huku akinyoa polepole kuliko kazi ilivyohitaji.