Dada Yangu Anamnywesha Mjamzito Pombe, Anaiita Asali

Admini, ficha jina langu. Dada yangu hajui kusoma, lakini ana binti wa kumsomea simu.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, naishi Ng'ambo hapa Tabora, shule niliishia la nne. Nyumbani kwangu nikikohoa tu, wote kimya, mpaka kuku. Haya, uongo huo. Kuku wananinyea viatu, na mwenye sauti ni dada yangu mkubwa, aliyenizidi miaka na mdomo.

Dada anapika wanzuki, pombe yetu ya asali. Mke wa mjukuu wangu ana mimba ya miezi sita, mumewe yuko Urambo kwenye tumbaku. Kila jioni dada anamjazia kikombe: "Kunywa, mwanangu, mtoto atoke msafi." Kikombe chenyewe sasa! Povu la njano, nyuki wafu wanaelea, na dada anawaopoa kwa kidole kilekile cha ugoro. Hata naandika hapa natema mate.

Yule binti mjamzito akasema kwa adabu, "Bibi, nesi wa kliniki kasema pombe inamfikia mtoto tumboni, inamharibia akili hata kabla hajazaliwa. Kasema hata kidogo nisiguse."

Dada akacheka mpaka akacheua. "Pombe ipi? Hii asali! Huyo nesi amezaa wangapi?"

Kwetu kukataa kikombe cha bibi wa mumeo ni tusi. Binti akanywa, machozi yanamtoka.

Kesho yake nikatumia ubabu wangu, maana mke wa mjukuu ni mke wangu kwa utani. Nikakinyakua kikombe, "Cha mke ni cha mume!", nikakigugumia na nyuki wake. Ikawa ndiyo kazi yangu kila jioni. Sasa mtaa unaniita mlevi, kinywa kinanuka kama mzinga uliooza, na dada amenishtukia. Anangoja niende kucheza bao, ndipo anamnywesha. Nikimsema, anajibu, "Wewe mlevi, ulibeba mimba lini?"

Nishaurini jamani. Nikinyamaza, kitoto kinaharibika. Nikimfokea dada, ukoo mzima utanigeuka.

Na wewe mtani wangu wa Kigogo, najua humu umo. Kwenye msiba wa mama yako nililala kaburini nikagoma kutoka, mpaka wafiwa wakacheka, na hukunipa hata kuku wa ada ya utani. Mtani akibeba kitu cha mtu hagombwi, dada analijua hilo. Mtungi wa wanzuki uko nyuma ya jiko. Njoo uubebe. Akipika mwingine, rudi.