Maji ya Kwanza ya Paa la Kanisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema, viatu vimepigwa rangi kama vya mtu aliyeajiriwa benki. Kazi ilikuwa kuvuna maji ya mvua kutoka paa la kanisa hapa Embu mjini, yanyweshe nyanya za kina mama kwenye grinihausi. Fundi Njeru, mkubwa wangu, aliviangalia viatu, akaniambia nivivue nipande ngazi. Shule niliachia kidato cha pili, lakini huko juu, mlima ukionekana wote, nilijiona injinia.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, mfumo wetu ulikuwa hivi. Maji yalitoka mabatini yakaingia kwenye gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, kisha yakashuka kwenye tenki. Tenki lilikaa juu ya jukwaa la mawe, kwa sababu pampu hatukuwa nayo. Uzito wa maji ndio ulioyasukuma. Yakapita kwenye chujio, halafu kwenye laini za dripu, yaani mipira myembamba yenye vitundu, tone kwa tone kwenye kila shina. Kabla ya tenki Fundi aliweka bomba nene la kusimama, lenye valvu ya kufungua na kufunga, la kupokea maji ya kwanza. Mvua ikianza baada ya kiangazi huosha vumbi na mavi ya ndege paani. Uchafu huo uingie humo, umwagwe, ndipo maji safi yaende tenki.

Msimu huo haukuwa wa mchezo. Kamati ya kanisa ilishasema kwamba nyanya zikishindwa tena, kiwanja kitakuwa cha kuegesha magari.

Aliyekaa na ufunguo wa grinihausi alikuwa Mama Igoki, mjane kutoka Mbeere, kule chini kwenye ukame. Kila asubuhi aliniuliza kama tenki langu limeshapata mchumba, yaani mvua. Nilimpenda sana huyo mama.

Mvua ilianza Jumapili, sisi tukiwa makwetu. Siku chache baadaye miche ikaanza kunyauka, na tenki limejaa. Fundi alifungua chujio, likatoka tope jeusi. Akaenda kwenye lile bomba la kusimama akakuta valvu imefungwa. Uchafu wote wa paa ulikuwa umeingia tenki, ukaziba vitundu.

Mama Igoki hakujificha.

"Ni mimi nilifunga," alisema. "Kwetu mvua ya kwanza tunaitolea kila sufuria, hata bakuli ya mtoto. Nimezika ng'ombe nikingojea hayo maji, Njeru. Mkono ulikataa kuyamwaga."

Fundi alikuwa mtu wa maneno makali, nikajua sasa mama atalia. Lakini Fundi alikaa juu ya ndoo.

"Nilichora bomba," akasema, "sikumchora mtu wa kulifungua."

Tuliosha tenki, tukazibua vitundu kwa sindano, kina mama wamepiga magoti kati ya mistari kama kwenye matanga. Mistari ya mwisho haikupona. Nikamwomba Fundi yale maji ya kwanza tuyatolee mpira hadi kwenye mtaro wa nduma, yale magimbi ya nyuma ya grinihausi, kwa maana nduma haichagui maji. Akanipa msumeno nikate mpira mwenyewe.

Kamati ilikuja ikaona nyanya nyekundu, ikaona na pengo. Ikachukua nusu ya kiwanja kwa magari, nusu ikatuachia. Mvua iliyofuata Mama Igoki alifungua valvu mwenyewe, akayafuata maji hadi kwenye mtaro, akasimama hapo na leso kichwani hadi yakazama yote.

Mimi bado kijana, lakini kazi ile imeisha. Fundi amestaafu, magoti hayapandi ngazi tena, nami nimehamia Manyatta kwa kikundi kingine. Jana waliniletea futi ya kupimia paa. Nimewaambia wanionyeshe kwanza ni nani atashika valvu, na wamtafutie kiti, tuongee.