Lami ya Bibi wa Rugenge

Nikifika mji mgeni, kabla ya kutazama nyumba nitakayolala, natazama njia inayofika mlangoni. Maji yakiwa yametuama katikati, najua aliyeitengeneza alikuwa na haraka. Nimelala Kigoma, Bujumbura, Kalemie, na miji mingine ambako sikukaa hata kumjua jirani. Nimevuka miaka arobaini na bado sina mlango wa kuutengenezea njia. Lakini iko moja niliyoitengeneza kwa mikono yangu, pale Rugenge, mjini Uvira.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimeacha sekondari kabla ya kumaliza, wazazi wangu wote wawili walikwisha kufa, na kazi yangu ilikuwa kuendesha trekta ndogo kwenye mashamba ya pamba karibu na Nyakabere, katika bonde la Ruzizi. Mzungu aliyenifundisha alikuwa amerudi kwao. Uasi ulipoanza kuwaka bondeni, mkubwa wa shamba aliniamuru niipeleke trekta Uvira, niifiche mpaka mambo yatulie.

"Hiyo mashini ikipotea," aliniambia, "weye pia upotee. Usirudi kunionyesha sura."

Nilipata nafasi uani kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, muuza vitambaa na chumvi. Alinipa chumba cha nyuma, na mama yake akanipa sahani. Mama huyo kila mtu alimwita Bibi. Alizaliwa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, akaletwa Uvira kuolewa angali msichana. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi, lakini sauti ilikuwa nzima, na kutoka mkekani aliitawala nyumba yote. Kiswahili chetu cha Uvira hakukikubali hata baada ya kukisikia maisha yake yote.

"Minye nimeshiba, Bibi."

"Minye ndiyo nani? Mdudu? Sema mimi."

"Mimi nimeshiba."

"Hujashiba. Kula."

Tangu mama yangu afe hakuna aliyekuwa amenigombeza namna ile. Nikaanza kukosea maneno kwa makusudi.

Habari za vita zilipozidi, mwenye nyumba aliamua kuihamishia familia Ujiji, kwa ndugu za mama yake. Meli ingeondoka bandari ya Kalundu. Taabu ilikuwa kutoka mlangoni hadi barabarani. Nyumba ilikaa juu, upande wa milimani, na mvua zilikuwa zimeichimba njia mpaka ikawa mfereji. Kamioneti, gari dogo la mizigo, iliishia chini. Mwenye nyumba akasema atawaita wapagazi wa Kalundu wambebe mama yake kwa machela.

"Mtu hutolewa nyumbani kwake mabegani mara moja tu," Bibi akasema. "Mkinibeba leo nikiwa hai, siku yenyewe mtanitoaje?"

"Mama, vita iko njiani."

"Ije. Itanikuta nimekaa."

Mwenye nyumba akanijia uani. Aliizunguka trekta kama mtu anayenunua ng'ombe, kisha akauliza kama ingeweza kuifanya njia ile ipite gari.

"Inaweza, Mzee. Minye iko na lame. Kesho nitaweka lame, kisha mutuletee changarawe."

Bibi alikuwa anasikia kila neno kutoka ndani.

Lame ni kile chuma cha kukwangulia udongo, kinachofungwa nyuma ya trekta. Jina ni la Kifaransa, na midomoni mwetu lilitoka "lami". Changu kilikuwa kama sanduku lisilo na kifuniko wala sakafu: mbele lina meno ya kuchimbua, nyuma lina makali ya kusawazisha, na kwa mkono mmoja wa chuma unalipandisha na kulishusha.

Asubuhi nilianza na meno. Udongo ulikuwa mgumu kama tofali, nikapita mara nyingi, nikiupasua kidogo kidogo, maana ukilishusha sanduku kwa pupa, trekta hukwama au huacha ardhi na mawimbi kama ziwa lenye upepo. Kisha nikapandisha meno, nikavuta udongo laini kuujaza mfereji, nikaushindilia kwa magurudumu, nikajaza tena. Halafu nikalilaza sanduku upande mmoja, nikakwangua kutoka kingoni kwenda katikati, huku na huku, mpaka njia ikapata mgongo. Njia isiyo na mgongo huyanywa maji. Lori likaleta mawe makubwa, kisha changarawe kutoka mto Mulongwe, nami nikazitandaza huku nikiliacha sanduku lielee juu yake bila kuuma.

Muda wote huo wanawake wa mtaa walikuwa wanaingia kumuaga Bibi na kutoka wakinitazama. Wengine walisimama kando ya njia na watoto mgongoni. Mmoja, mke wa mvuvi jirani, aliniita juu ya kelele za mashini.

"We dereva! Iko wapi sasa?"

"Nini?"

"Ile lami ya Bibi. Iko inakuja na meli, ao imelala njiani?"

Wote wakacheka. Nikacheka nao, bila kujua kwa nini.

Kazi ilipokaribia kuisha, Bibi aliomba asogezwe mlangoni. Alikuwa amevaa kanga mpya na hina mikononi. Alizitazama changarawe kwa muda.

"Hii nini?"

"Njia yako, Bibi. Gari itafika mpaka hapa."

"Haya ni mawe. Lami iko wapi? Nyeusi, laini. Nimewaambia watu wote nitaondoka juu ya lami, mjukuu wangu wa mashini ananiwekea. Sasa nitoke juu ya mawe, wanione?"

Hapo nikaelewa. Kwetu Uvira ile nyeusi inayomwagwa barabarani ni gudroni, na hakuna anayeiita vingine. Lakini Ujiji ni lami, na Bibi alisikia neno la kwao.

Mwanawe alishika kichwa. Meli ingeondoka kesho yake mchana. "Mama, ni changarawe nzuri!"

"Nzuri itembelee wewe. Mimi nangoja lami."

Akageukia ukuta. Mwanawe, ambaye naye alikuwa ameelewa sasa mama yake alingoja nini, akaniuliza kama mjini kuna mtu mwenye gudroni. Nilisema hakuna. Ilikuwa kweli. Ningeweza kuishia hapo. Bibi angengoja, meli ingekwenda, na jioni kungekuwa na sahani yangu karibu na mkeka wake. Nilisimama pale nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na nilijua vizuri kabisa kwamba njia ile nilikuwa naitengeneza ili nibaki peke yangu.

Nikapanda trekta, nikairudisha kinyumenyume mpaka mlangoni, nikalishusha sanduku taratibu mbele ya miguu yake.

"Bibi, geuka. Lami ndiyo hii."

Akageuka. Akanyoosha mkono, akayapapasa makali, yaliyokuwa bado na joto la kusuguana na mawe.

"Hiki chuma?"

"Ndiyo. Ni Kifaransa."

Akayapapasa tena. Kisha mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, na kilimshika mpaka akakohoa. "Rugenge nzima!" akasema. "Nimewaambia Rugenge nzima! Mfaransa kanivua nguo mbele za watu." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya. Na wewe, mwongo mwenzangu, njia umejua kuitengeneza. Kesho leteni gari."

Kesho yake kamioneti ilipanda bila kuteleza hata gurudumu moja, ikasimama kizingitini. Bibi alihamia kitini kwa kushikwa mikono tu, na wanawake wakapiga vigelegele. Nyuma kulijaa magodoro, masufuria, watoto.

"Utatufuata, sivyo?" mwenye nyumba aliniuliza, tayari ameketi.

"Na trekta, Mzee?"

Akaitazama, akanitazama. "Utafuata," akasema, kama mtu anayejijibu.

Bibi alitoa mkono dirishani, akanishika kidevu. Gari ikashuka. Changarawe zililia chini ya magurudumu, kisha barabara ikaimeza kuelekea Kalundu.

Wanawake walitawanyika upesi; kila mmoja alikuwa na mizigo yake ya kufunga. Pembeni kulikuwa kumebaki lundo la changarawe, na sehemu ya chini ya njia ilikuwa bado nyembamba. Nikawasha trekta. Mvuvi jirani akapita, nyavu begani.

"Ndugu, wenyewe walishakwenda. Weye uko unamutengenezea nani?"

"Bado kuna lundo," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akaenda zake. Nikashusha lame, nikaanza kuvuta zile changarawe, polepole, polepole kuliko kazi ilivyotaka, kwa sababu ikiisha ingenibidi kuzima mashini na kuingia ndani.