Neno Chini ya Kidole Gumba

Mama aliporudi nyumbani baada ya kiharusi, maneno yake yalirudi silabi zikiwa zimehamahama. Nyumba yetu ya Ruhuwiko haikuwahi kupitwa na mtu bila kukaribishwa. Sasa mgeni akipiga hodi, Mama alijibu, "Kaburi."

Nilihesabu herufi. Sita. Nikarudia, zilikuwa sita zilezile za karibu, ni silabi mbili tu zimebadilishana viti. Lakini utamweleza nani hayo mlangoni? Wageni wakapungua. Mama aliliona hilo, akaamua kunyamaza. Kimya chake kiliniogopesha kuliko lile neno.

Mchana mmoja ukungu ulishuka kutoka milima ya Matogoro ukakaa dirishani, na sisi tukawa kama tumo ndani ya maziwa. Nilikuwa nakata boksi la sabuni, nipate vipande vya kuandikia bei ya maharage yangu ya sokoni. Kidole gumba kilikuwa kimefunika SA. Mama akatazama muda mrefu.

"Buni," akasema.

Neno zima, halina ufa. Amezaliwa kwenye kahawa, buni anazijua kabla ya kujua kusoma. Nikaondoa kidole: sabuni. Nikakirudisha: buni. Akacheka kwa upande wa mdomo uliokuwa bado unamtii.

Basi nikaanza kuandika neno moja kwa kila kipande. NYUMBA, ukifunika N, huyumba. Na kwa ukungu ule ningeapa niliona ukuta ukienda na kurudi. MLIMA ukipoteza M unakutuma shambani. PUNGUZA ina UNGUZA ndani yake. Miaka yote naambiwa neno hilo sokoni, nasikia joto, sijui linatoka wapi.

Jirani yetu, mwalimu aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa, alivikuta vile vipande mezani.

"Hivi nini?"

"Mashairi."

"Shairi la neno moja? Vina viko wapi? Na mizani?"

"Mizani ipo sokoni, mwalimu. Ukitaka nakupimia."

Mama alisoma vyote, siku baada ya siku, kidole changu kikipanda na kushuka. KARIBU sikuandika. Hakuna cha kufunika pale. Neno lile halijaficha kitu, linataka mpangilio tu. Na nilihofia nikimwonyesha akakosea, atanyamaza moja kwa moja.

Wiki ile mwalimu akarudi na ndizi.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Kaburi," Mama akasema.

Mwalimu akabaki mguu mmoja ndani, mmoja nje. Mimi nikatazama sakafu. Mama akainua kidole gumba chake, polepole, kama anayefunika kitu hewani.

"Kaburi bado," akasema. "Karibu."

Maneno matatu. Niliyahesabu mara mbili, kisha nikaenda kubandika chai.