Fundi Aliyetoboa Kuta za Mtaa

Mtaani walimwita Timazi, na jina lenyewe lilitokana na utani. Timazi ni kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho fundi mwashi hukitumia kujua kama ukuta umesimama wima. Fundi huyu aliwahi kubomoa ukuta ambao mteja alikuwa ameshauridhia, eti kwa sababu umelala upande kwa unene wa ukucha. Mteja akashika kiuno. "Fundi," akamwambia, "hiyo timazi umeimeza?" Tangu hapo jina lake la kuzaliwa likabaki kwa mkewe tu.

Nyumba za mtaa ule zilishikana safu moja. Mbele barabara, nyuma nyua ndogo, na kila ua una ukuta wake. Karibu kuta zote zilikuwa kazi ya mikono yake. Majirani wakikorofishana kwa sababu ya kuku aliyevuka au redio iliyopigwa kwa sauti, aliitwa yeye kuongeza tofali juu. Mkewe alimtania kwamba chungu chao kinachemka kwa magomvi ya watu.

Kisha vita vikaingia mjini. Umeme ulikatika, mabomba yakakauka, maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Wapiganaji wakashika jengo refu la njia panda, na kuanzia siku hiyo mtu aliyetokeza barabarani alikuwa ameibeba roho yake mkononi. Maji yalibaki kwenye kisima kimoja tu, nyumbani kwa muuguzi mstaafu, mwisho kabisa wa safu.

Mshonaji nguo aliishi ukuta kwa ukuta na Timazi. Asubuhi moja mumewe alitoka na ndoo kwenda kisimani, na hakurudi. Walimwona kupitia nyufa za milango, amelala kando ya maji yaliyomwagika, na hakuna aliyethubutu kumfuata mpaka giza lilipoingia.

Walipokwisha kumzika, mshonaji aligonga ukuta.

"Fundi, unanisikia?"

"Nakusikia, dada yangu."

"Toboa."

"Nitoboe nini?"

"Ukuta huu. Na unaofuata, na unaofuata, mpaka kisimani. Mtu mwingine wa kwangu hatoki kule mbele."

Timazi aliingia ndani. Nyumba kadhaa wenyewe walikuwa wamekimbia, na kuta ni mali ya watu. Alimweleza mkewe hivyo, huku akizungukazunguka chumbani. Mkewe alikuwa anachambua mchele kidogo uliobaki, na wala hakuinua macho.

"Wenyewe wakirudi wakakukuta hai, watakudai ukuta," alisema. "Wakikukuta umekufa, watamdai nani?"

Fundi akaenda kutafuta tindo lake la kukatia tofali.

Aliizungushia nyundo matambara ili mlio usifike njia panda, akaanza kuchokoa tofali moja moja. Matundu aliyafanya madogo, mtu apite ameinama na ndoo yake. Lakini hakutoboa ovyo. Kila tundu aliliwekea ubao wa kubeba uzito wa juu, akasawazisha kingo zake, akarudi nyuma hatua moja kulitazama kwa jicho moja.

"Hata vitani anapima!" alisema mshonaji, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kicheko hakikufika mbali. Kiligeuka kilio, na Timazi akainamia kazi yake mpaka mama huyo alipojifuta uso.

Mambo yalikwama katikati ya safu, kwa mwoka mikate. Huyu aliwapeleka mkewe na watoto mbali, akabaki kulinda tanuri na magunia ya unga. Aliposikia nyundo upande wa pili alipaza sauti: "Atakayepenyeza kichwa hapa nitampasua kwa koleo!"

Timazi aliweka nyundo chini, akakaa, akaegemeza mgongo ukutani.

"Jirani, una maji?"

"Nina unga."

"Sikuulizia unga. Utaukanda kwa mate?"

Sauti iliporudi ilikuwa imeshuka, iko karibu kabisa, kama vile naye amekaa chini upande wake.

"Leo mnaomba njia. Kesho mtaomba kibaba. Keshokutwa mtanikaba usingizini. Niko peke yangu, fundi. Tangu wanangu waondoke sijapata usingizi wa maana."

Timazi alikuwa amejiandaa kumsema kwa uchoyo wake. Akaghairi. Mtu huyu hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na hofu, kama wao.

"Mimi na mke wangu tukihamia uani kwako je? Anayekutaka wewe ataanza na mimi."

"Unakoroma?"

"Mke wangu anasema kama mashine ya kusaga."

Upande wa pili palisikika mguno, pengine kicheko. "Haya, toboa. Lakini huko pembeni, usinitingishie tanuri."

Ndivyo walivyoanza kuishi kama nyumba moja ndefu. Unga ulitoka kwa mwoka mikate, maji kwa muuguzi, kuni kwenye mapaa yaliyoangushwa na mabomu. Tanuri liliwashwa mara moja kwa siku, kwa ajili ya wote. Mshonaji ndiye aliyekata mkate, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akipendelea, hata wanawe mwenyewe. Haikuwa peponi. Mzee mmoja alikutwa ameficha mkate chini ya godoro, na watu walitaka kumfukuza. Walibishana uani mchana kutwa, mwisho wakakubaliana atavuta maji ya watu wote mpaka hasira ziwaishe. Akavuta, huku akilalamikia kiuno.

Unga ulipokaribia kwisha, homa ikaingia. Ilimchukua mke wa Timazi. Muuguzi alimkanda kwa maji, akamshika mkono mpaka mwisho. Dawa zilikuwa zimekwisha zamani.

Kiwanja cha kuzikia kilikuwa ng'ambo ya nyumba ya muuguzi, nyuma ya ghala bovu. Walimlaza marehemu juu ya mlango uliong'olewa bawaba, wakafika kwenye tundu la kwanza. Mlango haukupita.

"Tumbebe mgongoni, shemeji," alisema muuguzi kwa upole. "Mtu akiinama atapita naye."

"Hapana," alisema Timazi. "Mke wangu hapiti amekunjwa."

Akachukua nyundo. Alipiga pigo la kwanza likaenda kando, la pili likaenda kando. Mwoka mikate alimwondolea nyundo taratibu.

"Nionyeshe pa kupiga."

Timazi akamwonyesha kwa kidole, tofali baada ya tofali, ua baada ya ua. Wengine walibeba vifusi bila kuambiwa. Jua lilikuwa limeinama walipomaliza, na yule mama akapita katika kuta zote amelala sawa, mumewe akimtangulia.

Vita vilipoisha wenye nyumba walirudi. Mmoja alifoka na kutaka ukuta wake kama ulivyokuwa. Timazi hakubishana, aliuziba mwenyewe, wima kabisa. Wengine waliomba awawekee milango, na milango hiyo mchana haikufungwa. Familia ya mwoka mikate ikarudi, ikawakuta watu wanaingia na kutoka kwenye tanuri lao kama kwao, ikabidi izoee. Unga waliendelea kuununua kwa pamoja.

Mwaka uliofuata wakaja watu wa mtaa wa nyuma. Nao walitaka tanuri la ushirika, na hawakujua pa kuanzia. Timazi hakuwahi kujenga tanuri maishani mwake, akamchukua mwoka mikate wakaenda wote. Wakashinda wanagombana kuhusu upana wa mdomo wa tanuri, mmoja anatazama kwa jicho la ukuta, mwingine kwa jicho la mkate. Mikate ya kwanza ilitoka imeungua chini.

"Nilikwambia!" walisema wote wawili kwa pamoja.

Watu wa mtaa ule wakaikwangua masizi kwa kisu, wakagawana.