Wavunaji Juu ya Mlango wa Kanisa

Ashukuriwe Mungu, aliyewajaza mafundi wa hema yake hekima ya mikono, akanihifadhia mimi macho ya kuona kazi za watu ambao sitafika kwao kamwe.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mume wa dada yangu aliomba kubatizwa katika kanisa letu karibu na kiwanda cha chai cha Itumbe. Shemeji huyu alitoka Tabaka, na riziki yake ilikuwa kuchonga mawe laini: vibakuli, viboko na watu. Hao watu ndio waliomponza. Mzee wa kanisa aliyemfundisha masomo ya ubatizo alimsomea amri ya pili, akafunga Biblia.

"Uache sanamu kwanza," akasema.

Dada yangu alilia jikoni kwetu. Shamba lao la chai lilikuwa dogo, na vibakuli havikununuliwa kama watu.

Siku hizo televisheni ya taifa ilionyesha, Jumapili alasiri, kipindi cha Kiingereza kuhusu historia ya uchongaji na uchoraji. Mimi, mwalimu mstaafu, nilikipenda mno. Mtangazaji wake, mama wa makamo, hakujigamba kwa usomi. Alisimama mbele ya jiwe akalitazama pamoja nasi, na kamera ikapita juu yake polepole, kama mkono wa bibi kipofu usoni pa mjukuu. Ni yeye aliyenifundisha kwamba kila picha ina aliyeiagiza, ina mahali ilipowekwa, ina sababu ya kuwapo. Mke wangu hakujua Kiingereza, lakini aliacha kumenya ndizi akatazama.

Walipotangaza kwamba Jumapili ifuatayo wangeonyesha milango ya makanisa ya kale, nilimwalika mzee, nikawaita shemeji na dada pia. Mzee alikuja na pikapu yake, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Nitatazama kidogo tu, mwalimu."

Juu ya mlango mmoja palikuwa na safu ya watu wa mawe wakilima, wakivuna, wakichinja nguruwe. Nilifasiri kwa Ekegusii, lugha yetu.

"Huyo aliyeinama anafanya nini?" mzee akauliza.

"Anachuma zabibu."

"Bila kikapu mgongoni? Itumbe wangemrudisha nyumbani!"

"Kikapu kingevunjika, mzee," shemeji akasema kwa upole. "Jiwe jembamba halidumu."

Mama wa kipindi akasema sasa atatueleza watu wa kale walizitumiaje sanamu zile. Papo hapo picha ikaanza kusinyaa kutoka kando. Hatukuwa na umeme, na betri iliyoendesha televisheni ilikuwa inakwisha.

"Waliziabudu au hawakuziabudu? Amesemaje?"

"Bado hajasema, mzee."

Akainuka, akatoka. Nilidhani anakwenda zake. Kumbe alifungua boneti, akarudi amekumbatia betri ya pikapu, shati lote limechafuka.

"Unganisha upesi, mwalimu!"

Picha ikarudi. Mama alieleza kwamba wengi wa wakulima wale hawakujua kusoma. Walipopita chini ya mlango waliona kazi zao wenyewe zimewekwa mahali pa heshima, kisha wakaingia ndani kumwabudu Mungu. Wavunaji wale hawakupigiwa magoti.

Mzee aliniambia nirudie. Nikarudia. Akamgeukia shemeji.

"Na hao wako, kuna anayewapigia magoti?"

"Mzee, wazungu huwaegemezea vitabu rafuni."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akatazama kipindi hadi mwisho.

Tulirudisha betri, lakini pikapu ilikataa kuwaka. Televisheni ilikuwa imeinyonya. Tukaisukuma mteremkoni, mimi, mke wangu, dada na shemeji. Mzee akatoa kichwa dirishani, akamwita shemeji kwa jina alilowaitia waumini pekee.

"Sukuma, ndugu! Hifadhi nguvu kidogo, Sabato ijayo nakupeleka mtoni!"

Dada yangu akaliacha gari, akasimama katikati ya barabara, mikono kichwani, anamshukuru Mungu kwa sauti.

Nawe unayesoma, Bwana akupe jicho lisilo na haraka, akupe na jirani wa kutazama naye. Amina.