Wakili Aliyetaka Tutaje Majina Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini, Wakili aliniuliza naitwa nani. Nikamwambia, "Mama Kevo."

"Huyo ni mama wa Kevo. Wewe je?"

"Rahel."

"Basi Rahel, weka chai, halafu nikuonyeshe faili."

Ofisi ilikuwa juu ya duka la mbegu mjini Nakuru. Mimi nilikuwa nimeishia darasa la nane. Alinifundisha kupiga taipu hati ya kiapo, yaani maneno ambayo shahidi anaapa ni ya kweli. Kabla mteja asiyejua kusoma hajaweka alama ya kidole gumba, nilimsomea yote kwa lugha ya kwao. Mawakili wanawake walikuwa wachache wakati huo, na kortini wengine walimwita "msichana". Aliwaacha wamwite, akaendelea na kesi.

Ninayoikumbuka zaidi ni kesi ya Tabitha wa Dundori. Mumewe alipokufa, shemeji zake walimwambia atoke shambani kwa sababu hakuzaa mtoto wa kiume. Wakili alimwambia, "Ukisimama kizimbani anza na jina lako, halafu unapoishi. Mengine yatakuja."

Siku ya kesi, shemeji mkubwa alisikia Wakili akimkumbusha hayo kwenye korido, akamcheka Tabitha. "Mathe, umeletewa mwalimu wa nasari?"

Tabitha akapanda kizimbani, akanyamaza. Kwao mjane habishani na shemeji mbele ya watu.

"Mheshimiwa, shahidi hana la kusema," akasema wakili wa upande ule mwingine.

Nilitamani Wakili wetu amsemee. Yeye akasema tu, "Tunaomba tumngoje, Mheshimiwa."

Hakimu akaweka kalamu chini. Tukangoja.

"Naitwa Tabitha Wangari," akasema hatimaye, akiangalia sakafu. "Naishi Dundori. Hivyo viazi vya shambani nimelima mimi." Basi akaongea mpaka saa ya chakula. Shamba likabaki lake.

Sasa nimestaafu. Sijui kusifu watu. Wakili alipenda chai isiyo na sukari, na mpaka leo nikiweka sufuria naweka ya watu wawili.

Wakili tulimzika huko Njoro. Wakubwa walisimama mmoja baada ya mwingine, wakataja vyeo vyake. Kisha mwenye kuongoza ratiba akasema, "Tumsikie kidogo huyu shosho wa Dundori."

Tabitha, mzee wa mvi tupu sasa, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akanyamaza. Yule bwana wa ratiba akanyoosha mkono akichukue.

"Mngoje," nikamwambia.

Akangoja.

"Naitwa Tabitha Wangari," akasema, akitutazama. "Naishi Dundori, kwangu."

Akarudisha kipaza sauti, akaketi.